Dizeli Kwenye Vibuyu vya Uji

Kabla sijaolewa nilikuwa nimechuma kahawa ya kujaza treni, na hata punje moja haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzungu wa ng'ambo ya mto, ambaye mashamba yake yaliteremka hadi karibu na Ruiru. Tulivuka daraja la magogo alfajiri, mama mbele na mimi nyuma, kikapu kiunoni, na jioni tulirudi vidole vikinata. Kahawa iliondoka kwa lori kwenda Nairobi na sisi tukaondoka kwa miguu kwenda nyumbani. Kupanda mche wetu tulikatazwa. Eti kahawa ya Mwafrika ingeleta magonjwa. Nami nilijiuliza, mikono hii hii inayoichuma yake kila siku, mbona haileti magonjwa?

Kwa hiyo ruhusa ilipokuja, mashamba yalipopimwa upya na watu wa kilima chetu wakaambiwa sasa wanaweza kupanda, sikungoja kuambiwa mara mbili. Mume wangu alikuwa akifanya kazi ya reli Nairobi na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mashimo niliyachimba mwenyewe. Shimo la kahawa si shimo la viazi. Unachimba mpaka unazama magoti, kisha unarudisha udongo wa juu pamoja na samadi. Majirani walipita njiani wakacheka. Mmoja aliniuliza ninamzika nani. Nilimwambia asogee karibu nimpime urefu.

Mimi hasira zangu ni za karibu, sifichi. Mama mkwe alizoea kusema kwamba hakuna haja ya kuni jikoni mimi nikiwepo. Lakini yeye ndiye aliyenisaidia kubeba samadi, na yeye ndiye aliyekuwa akiamka kuangalia miche wakati wa baridi ya Julai, akiishika majani kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Miche ikawa miti, miti ikatoa maua meupe, na mwaka wa kwanza wa kuzaa ukafika. Wakulima wa kilima chetu tulikuwa tumeunda chama na kujenga kiwanda kidogo kando ya kijito: paa la mabati, matangi ya saruji ya kuchachushia, meza za kuanikia, na mashine ya kumenya kahawa iliyozungushwa na injini ya dizeli. Mashine ya kwanza, ile ya kuzungusha kwa mkono, tuliwauzia watu wa kilima cha pili. Tulijiona tumemaliza mambo ya mkono.

Mwenyekiti wa chama alikuwa mdogo wake baba mkwe wangu, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu ya kahawia ambayo hakuivua isipokuwa kanisani. Mwendesha injini alikuwa kijana mnene kutoka upande wa magharibi, Mvihiga, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge na asiyetuacha tusahau jambo hilo. Aliipangusa ile injini asubuhi na jioni huku akiiimbia nyimbo za kanisa lao. Ukimuuliza kama itawaka vizuri, alikuwa anacheka: "Hii? Hii inawaka hata ukiiangalia vibaya!"

Basi ilikuwa imebaki dizeli tu.

Watu wa siku hizi hawatanielewa. Wao dizeli wanaikuta barabarani, unaingiza gari, unajaziwa, unaondoka. Miaka ile ya mwisho wa hamsini dizeli ilikuwa imepata wachumba wengi kuliko msichana wa mchungaji. Kila shamba kubwa lilikuwa limeacha ng'ombe wa kulima na kununua trekta. Viwanda vya mkonge kule nchi kavu ya Ngoliba vilizima boila za kuni vikaweka injini. Machimbo ya mawe, malori, vinu vya kusaga unga, viwanda vya Thika vilivyokuwa vikichipuka kila mwaka, wote walikuwa wakinywa kitu kimoja. Mapipa yalikuja kwa treni kutoka Pwani na kuishia mikononi mwa wakubwa kabla hayajagusa ardhi. Chama kidogo cha wakulima weusi, kipya, chenye pipa moja tu la kuomba, kilikuwa mwisho wa foleni.

Mwenyekiti alikwenda bohari ya mafuta ya Thika na kofia yake, akarudi akasema, "Wamesema Jumatatu." Tukaamini. Mwenyekiti akatangaza tuchume, tukachuma. Kilima kizima kilichuma. Watoto, wazee, hata wagonjwa walitoka. Nilichuma miti yangu mmoja baada ya mwingine, nyekundu tu, mbichi nikiziacha, na mara ya kwanza maishani mwangu nilichuma polepole kwa sababu hakuna nyapara aliyenisimamia na nilitaka siku hiyo iwe ndefu.

Jumatatu pipa halikuja.

Mtu asiyejua kahawa atasema, basi si mngoje? Kahawa mbivu haingoji. Ukishaichuma, isipomenywa inaanza kupata moto yenyewe. Ukitia mkono ndani ya rundo unahisi joto, halafu harufu ya kuchacha, na ikifika hapo umeharibu. Na bwana kilimo wa serikali alikuwa ametuambia waziwazi, mbele ya mkutano: mavuno haya ya kwanza ndiyo yatakayopimwa. Yakinuka, kiwanda kitafungwa, na kahawa yetu itapelekwa ng'ambo ya mto kwa Mzungu, auze kwa jina lake na kutulipa apendavyo. Yaani nirudi kulekule. Nichimbe mashimo yangu, nipande, nipalilie, nichume, halafu nivuke lile daraja la magogo na kikapu kiunoni nimpelekee yeye.

Yule fundi wa injini alituambia tuimwagie kahawa maji ya kijito kwenye tangi, izame yote, itulie. "Hiyo inawapea mpaka kesho jioni," alisema. Kwa mara ya kwanza hakucheka. "Kesho kutwa, sijui."

Jioni hiyo mwenyekiti aliita wanakamati chini ya paa la kiwanda. Sisi wanawake tulisimama nje maana kamati ilikuwa ya wanaume. Walizungumza sana. Mmoja alisema waandike barua. Mwingine alisema wamwendee Mzungu kwa unyenyekevu. Mwenyekiti alisema haraka haraka haina baraka. Mimi nikasema kwa sauti, kutoka nje, kwamba hata kuoza hakuna baraka. Mama mkwe alinivuta nguo, lakini niliona anacheka.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko Thika. Wanawake wa kilima chetu tulikuwa na ngwatio, ule ushirika wa kulimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na siku za soko tulitembea pamoja, ndizi na viazi vitamu mgongoni, mkanda wa kubebea ukikaza kwenye paji la uso. Kila mmoja alibeba na kibuyu chake cha uji wa njiani. Tulifika Thika jua halijapanda sana, tukauza upesi kwa bei mbaya, na mimi nikawaambia wenzangu wanisindikize bohari. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hasira tu, nikaona nikienda peke yangu nitafukuzwa.

Bohari ilikuwa karibu na stesheni. Mapipa yalilala ubavu kwa ubavu nyuma ya waya, na mlangoni palikuwa na msururu wa malori na matrekta. Karani wa pale alikuwa mtu wa Pwani, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Nilimwambia tunatoka chama fulani, pipa letu liko wapi.

"Mama, pipa lenu lipo kwenye orodha," alisema. "Lakini walio mbele yenu ni wengi. Dunia nzima yataka dizeli. Huko yanakosafishwa mafuta, mitambo haitoshi. Yakichimbwa mengi, mitambo hulemewa. Wakubwa wanasema wataongeza mitambo. Wengine wanasema hata sisi tutajengewa kiwanda cha kusafishia kule kwetu Pwani. Siku hiyo ikifika, mama, nitakuletea mwenyewe mlangoni."

"Siku hiyo kahawa yangu itakuwa imekuwa mbolea."

"Nifanyeje? Mapipa ni ya wateja wakubwa. Mteja mdogo namwuzia galoni moja tu, na aje na chombo chake. Ndiyo amri."

"Mteja mdogo ni nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua ni nini. "Ni yeyote. Mwenye kinu. Mwenye taa. Yeyote mwenye pesa na chombo."

Niligeuka. Nyuma yangu, kando ya barabara, wamekaa wanawake wa kilima kizima, wamenyoosha miguu, pesa za ndizi zimefungwa pembeni ya leso, na kila mmoja ana kibuyu mapajani. Sijui niliwaangaliaje, lakini mama mkwe aliinuka kabla sijasema neno.

"Kunyweni uji!" nilipiga kelele. "Wote! Kunyweni mmalize!"

"Ngai! Kwa nini?" mmoja akauliza.

"Kunywa, nitakwambia ukishamaliza!"

Tulikunywa. Mungu anisamehe, sijawahi kunywa uji kwa kasi hiyo. Wengine walikuwa wanacheka mpaka unawatoka puani. Matumbo yalijaa yakakaza. Kisha mama mkwe, aliyekuwa na heshima zake, akasema hakuna mwanamke aliyelelewa vizuri anayeweka kitu ndani ya kibuyu kichafu, hata kama kitu chenyewe ni mafuta ya Wazungu. Akatuongoza kwenye mfereji wa stesheni, kila mtu akasuuza kibuyu chake, akakitikisa, akarudi kwenye foleni. Tulijipanga nyuma ya trekta la Mzungu mmoja aliyetutazama kama anayeota.

Karani alipoona kibuyu cha kwanza alifungua mdomo kukataa. Alipoona cha pili akaelewa. Alipoona mstari wote mpaka barabarani, aliweka mikono kiunoni akacheka, yule mtu mwembamba, akacheka mpaka machozi.

"Wateja wadogo," alisema.

"Wadogo sana," nilimjibu.

Akatupimia galoni, mmoja mmoja. Haba na haba hujaza kibaba; siku hiyo nililiona lile neno kwa macho yangu. Tulifunga midomo ya vibuyu kwa magunzi ya mahindi na majani ya migomba, tukaweka mikanda kwenye paji la uso, tukashika njia ya kurudi. Dizeli ilikuwa ikivuja kidogo kidogo mgongoni, nguo zikanuka kama gereji, lakini tuliimba. Tuliimba nyimbo za kuvuna, ambazo hatukuwa tumeziimba kwa nguvu hivyo tangu serikali itangaze Hali ya Hatari. Watu waliokuwa wakilima kando ya barabara walituuliza tumekunywa nini. Tuliwaambia uji.

Kiwandani tulifika jua likiinama. Kamati yote ilikuwa pale, na mwenyekiti na kofia yake, na wanaume wengine waliokuja kuona mwisho wa mambo. Fundi aliruka aliponusa. "Wamama! Wamama nyinyi!" Hakuuliza lolote. Akamimina kibuyu cha kwanza moja kwa moja kwenye tangi la injini, kisha cha pili, akashika hendeli, akaimba mstari wa wimbo wake, akazungusha. Injini ikakohoa. Ikapiga mara tatu, nne, moshi mweupe ukatoka, watu wakapiga makofi. Halafu ikanyamaza.

Akazungusha tena. Kimya. Akazungusha mpaka shati likashikamana na mgongo. Kisha akafungua mfuniko wa chini wa chujio, akapokea kiganjani, akaangalia, akanusa, halafu, mbele ya watu wote, akaonja.

"Kuna maji hapa," alisema. "Na... wamama, hii ni uji?"

Ndipo tukajua heshima za mama mkwe zimetufikisha wapi. Vibuyu vilisuuzwa, lakini kibuyu hakisuuziki mara moja. Uji unakaa kwenye vinyweleo vya ndani, na maji tuliyosuuzia hatukuyakausha. Mama mkwe aliketi chini kwenye udongo, akajifunika uso. Mwanamke huyu aliyebeba samadi yangu. Nilitamani kulia na sikuwa na muda.

"Inaweza kutengenezeka?" nilimuuliza fundi.

"Nitamwaga hii yote, nisafishe. Hiyo imebaki kwa vibuyu, maji inalala chini. Tukimwaga juu juu polepole, na tuchuje, itaenda. Lakini si kwa leso. Leso inapitisha maji. Kule kwa mkonge tulikuwa tunachuja na kitambaa nzito, kama sufu, inaloweshwa na mafuta kwanza, halafu maji inakataa kupita. Mko na sufu?"

Watu wakatazamana. Kilima chetu kilivaa pamba na mablanketi ya kuchakaa. Sufu ilikuwa moja tu pale, na ilikuwa kichwani mwa mwenyekiti.

Nilimwona akijua kwamba ninajua. Alirudi hatua moja nyuma. Huyu alikuwa baba mkwe wangu mdogo, mtu ambaye kwa desturi sikupaswa hata kupita mbele yake bila kujinyenyekeza, sembuse kumgusa. Nilimwambia, "Baba, naomba kofia."

"Hii nilinunua Nairobi," alisema.

"Najua, baba. Na hii kahawa niliinunua kwa mgongo wangu."

Hakuivua. Jua lilikuwa linakwenda, na kahawa ilikuwa kwenye tangi, na nilisikia, au nilidhani nimesikia, ile harufu. Basi nilinyoosha mkono nikaitoa kichwani mwake. Kulitokea sauti kwenye umati, kama watu wote wamevuta pumzi mara moja. Kichwa cha mzee kilikuwa na upara mweupe pale kofia ilipokaa miaka yote. Nilimpa fundi ile kofia.

Mgala muue na haki yake mpe: mwenyekiti angeweza kunifukuza pale pale, na kamati ingemuunga mkono. Badala yake akakunja mikono ya shati, akaenda akaishika kofia yake mwenyewe kwa mikono miwili, ukingo kwa ukingo, juu ya debe safi.

"Mwaga," akamwambia fundi. "Mwaga polepole. Usimwage kama mtu wa mkonge."

Tulileta vibuyu kimoja kimoja, tukivishika kama watoto waliolala ili maji yasichanganyike. Dizeli ilipita kwenye sufu tone kwa tone, safi, ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Mama mkwe aliinuka mavumbini akaja kushikilia debe. Fundi akasafisha chujio, akajaza tangi, akatoa hewa kwenye mabomba, akashika hendeli. Safari hii hakuimba. Alizungusha mara moja, mara mbili, na ya tatu injini ikashika.

Sijui kueleza sauti ile. Ilipiga tu-tu-tu-tu, nzito, sawasawa, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zangu. Mkanda ukakimbia, mashine ikaanza kugeuka, fundi akafungua mlango wa tangi na kahawa yetu ikateremka na maji. Upande mmoja ukatema maganda mekundu, upande wa pili punje nyeupe, zenye utelezi, zinang'aa. Nilitia mikono ndani ya maji nikachota. Nikanusa. Harufu ilikuwa nzuri, tamu. Haikuwa imeoza. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, na wanawake wote wakapokea, na mwenyekiti mwenye upara akawa anacheza na fundi, mafuta yakiwatiririka hadi kwenye viwiko.

Kofia haikurudi kuwa kofia. Alipewa nyingine na chama, na akanitania kwayo maisha yake yote yaliyobaki. Akiniona anaishika kichwani kwa mikono miwili. Kwenye mkutano uliofuata yeye mwenyewe ndiye aliyesema kamati haiwezi kuwa ya wanaume peke yao, kwa sababu wanaume walikuwa wakiandika barua.

Bwana kilimo alikuja kahawa ikiwa kwenye meza za kuanikia. Alichota, akauma punje moja, akatazama ndani, akanusa, akaenda meza ya pili akafanya vilevile. Kisha akamwambia mwenyekiti kiwanda kiendelee. Ni maneno machache tu aliyosema, lakini mama mkwe aliyarudia njia nzima ya nyumbani.

Pipa letu lilifika baada ya siku nyingi, na baada ya hilo mengine, kila mara upesi kuliko mara iliyotangulia. Bohari ya Thika ilijengewa matangi makubwa. Miaka michache baadaye kile kiwanda cha kusafishia mafuta cha Pwani kilijengwa kweli. Niliposikia redioni nilimkumbuka yule karani nikatoka mlangoni kuangalia kama anakuja.

Kahawa ilipokauka tuliipakia kwenye magunia, na mimi na mama mkwe na wengine wawili tulipanda juu ya lori kuisindikiza hadi stesheni ya Ruiru. Tulipita katikati ya mashamba ya yule Mzungu. Wasichana walikuwa wakichuma, vikapu viunoni, na wakatuinulia macho. Stesheni ilikuwa imejaa. Mabehewa ya mafuta yalikuwa yakisubiri kupanda kwenda Thika, marefu kuliko nilivyowahi kuyaona, na upande wa pili behewa la mizigo lilitungoja. Mpagazi, mzee mwenye mvi, alishika gunia letu la kwanza, akaligeuza kutafuta alama.

"Hii ni ya estate gani, ya Mzungu yupi?" akauliza.

"Si ya estate," nilisema.

"Kila kahawa ni ya estate, mama. Nimefanya hii kazi miaka mingi. Sema tu ni ya nani niandike."

Mama mkwe, ambaye Kiswahili kilimpa shida na ambaye hakuwahi kuzungumza na mtu wa serikali bila kuulizwa, alimsogelea mpaka akalazimika kurudi nyuma, akaweka mkono juu ya gunia.

"Yetu," alisema. "Andika yetu."